Jinsi ya Kutazama Kiti Usichoruhusiwa Kukikalia

Ukinunua pasi dukani unapewa kijitabu: usiitumbukize majini, usiiache juu ya shati, usimpe mtoto. Ukinunua redio unapewa kingine, kinene zaidi. Lakini ukifika Lamu ukasimama mbele ya kiti cha enzi, mti mweusi uliotiwa njumu za pembe, hakuna anayekukabidhi kijitabu. Mnaachwa wewe na kiti mtazamane. Na kwa kuwa kiti hakina haraka na wewe unayo, kiti hushinda. Unapiga picha mbili, unasoma kibandiko hadi mstari wa pili, unakwenda zako kutafuta juisi ya ukwaju.

Juisi ya Lamu ni tamu na hakuna anayekukataza. Ila kiti nacho kina haki yake, na mwongozo huu umeandikwa kukitetea.

Makumbusho ya Lamu yako kwenye nyumba kubwa yenye roshani inayoitazama bahari. Nyumba ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, wakakaa humo maofisa wa Kiingereza, kisha ikawa makumbusho chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ina ndugu zake mjini humo humo: Ngome, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na kutumika kama gereza kwa miongo mingi, Nyumba ya Waswahili, nyumba ya kale iliyokarabatiwa ili watu waone wenyeji walivyoishi, na Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kuanzia 1888 hadi 1891. Usitarajie kukuta mifupa ya mijusi wakubwa wa kale. Fahari ya hapa ni vitu vilivyotengenezwa kwa mikono ili vitumike: kiti, kitanda, mlango, chombo cha baharini, kito cha sikioni.

Mji wa London una nyumba ya namna hii, kubwa mno. Ilifunguliwa mwaka 1852, mwaka mmoja baada ya Maonyesho Makuu ya kazi za viwanda, na leo inaitwa Victoria and Albert Museum. Shabaha yake ya awali ilikuwa kuwafunza mafundi na wenye viwanda kutengeneza vitu vizuri zaidi. Huko wanafunzi walisafiri kuja kuona vitu, kisha wakarudi kwenye karakana za mbali. Lamu karakana iko nyuma ya ukuta. Ukitulia ndani ya makumbusho unaweza kusikia nyundo ya seremala kutoka mtaani. Kwa sababu hiyo mwongozo huu una sharti moja kubwa: kila unachokitazama ndani, katafute ndugu yake aliye hai huko nje.

Mahitaji

Macho mawili, au moja zima.

Asubuhi nzima. Anayekuja na nusu saa, na aje tena kesho na nusu nyingine.

Viatu vyepesi kuvua, kwa sababu ukikaribishwa nyumbani kwa mtu baadaye utavivua.

Salamu. Hii ni muhimu kuliko kamera. Fundi wa Lamu haanzi mazungumzo na mtu aliyeanza na bei.

Maswali manne, ambayo utayabeba kutoka chumba hadi chumba: Kitu hiki kimetengenezwa kwa nini? Kwa zana gani? Kwa muda gani? Na kwa ajili ya nani? Usipopata majibu yote manne, bado hujakiona. Umekipita tu.

Hatua ya 1: Usiingie kwanza

Kitu cha kwanza cha makumbusho haya kiko nje, na hakuna kabati la kioo linaloweza kukitosha. Ni mji wenyewe. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na watu wameendelea kuishi ndani yake kwa karne zisizopungua saba, wakioa, wakizika, wakigombania maji na kupika samaki. Kwa hiyo simama kichochoroni, umpishe punda, kisha weka kiganja ukutani.

Unachokigusa ni jiwe la matumbawe, lililoshikizwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Sasa omba ruhusa uingie kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la nyumba yoyote ya kale, uinue macho. Dari limebebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa kwenye visiwa na hori za hapa hapa. Mkoko mnyoofu wenye nguvu ya kubeba dari la mawe hauendi mbali zaidi ya mita 3 hivi. Chumba basi hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti yake. Hii ndiyo siri ya vyumba vya Lamu kuwa virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine: msitu uliamua upana, mwashi akaamua urefu.

Boriti hizo hizo zilipakiwa kwenye majahazi kwa karne nyingi zikapelekwa Uarabuni na Ghuba, kusiko na miti mingi ya kujengea. Nyumba nyingi za kale za huko nazo zikawa na vyumba vyenye upana unaokaribiana na wa Lamu. Mkataji miti wa Lamu, bila kushika kalamu wala rula, alichangia kuchora nyumba za watu asiowajua ng'ambo ya bahari. Ukishalielewa hili, una ruhusa ya kuingia.

Hatua ya 2: Piga magoti mbele ya kiti

Si kwa ibada. Ni kwa sababu ukisimama unaona mgongo wa kiti na mikono yake tu, na kazi kubwa iko chini.

Kiti cha enzi ni kirefu, kimenyooka, kina mikono mipana na kibao cha kuwekea miguu. Mahali pa kukalia na sehemu za mgongo zimesukwa kwa nyuzi zilizokazwa ndani ya fremu ndogo ndogo. Juu ya mti mweusi kuna vipande vya pembe au mfupa vilivyopandikizwa kwa mpangilio wa nyota na miraba. Sasa toa swali la pili: kwa zana gani? Kila kipande cheupe kilihitaji kishimo cha umbo lake hasa. Kishimo kikiwa kikubwa, kipande kitaanguka. Kikiwa kidogo, pembe itapasuka. Chagua mstari mmoja tu wa vipande, ufuate kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, ukifikiria patasi inayoingia na kutoka kwa kila kimoja. Ukifika mwisho utakuwa umekaa hapo sakafuni kwa muda mrefu kuliko ulivyopanga, na huo ndio muda unaofaa.

Wasomi wamebishana kuhusu asili ya umbo hili. Wako wanaoelekeza kidole Misri, wako wanaoona Uhindi na Ureno. Mabishano hayo yana faida yake, lakini yasikupotezee swali la nne: kwa ajili ya nani? Kiti hiki kiliwekwa kwa mgeni wa heshima na mkubwa wa nyumba. Ukikikalia huwezi kuegemea kivivu. Kinakulazimisha kunyooka, miguu juu ya kibao, mikono imetandazwa. Kiti kinamtengeneza mkaaji wake awe mtu wa kusikilizwa. Fundi aliyeweza kufanya hivyo kwa mti na uzi alikuwa anaujua mwili wa binadamu vizuri, na aliijua pia jamii yake.

Hatua ya 3: Tafuta tundu la siwa

Fahari kuu ya Lamu ni siwa mbili: ya Pate, kisiwa jirani, iliyotengenezwa kwa pembe za ndovu, na ya Lamu, ya shaba. Siwa ni baragumu, na ile ya Pate ina urefu unaopita mita 2. Wataalamu huiweka katika karne ya 17.

Mtu anayeiona mara ya kwanza huenda moja kwa moja kwenye ncha, akidhani hapo ndipo mdomo unapowekwa. Ncha haina kitu. Tundu liko ubavuni. Litafute mwenyewe kabla ya kumuuliza mhifadhi. Kulipata ni furaha ndogo ambayo hupaswi kunyang'anywa.

Ukishalipata, rudi kwenye maswali. Pembe moja ya ndovu haitoshi urefu ule, kwa hiyo fundi aliunganisha vipande, akachonga michoro inayopita juu ya maungio na kuyaficha. Kwa ile ya shaba njia ilikuwa nyingine kabisa: umbo hutengenezwa kwanza kwa nta, likafunikwa kwa udongo, udongo ukachomwa nta ikayeyuka na kutoka, na mahali ilipokuwa nta pakamiminwa shaba iliyoyeyushwa. Kosa la kidole kwenye nta linakuwa kosa la shaba, milele. Kumbuka hilo unapoitazama, na utaelewa kwa nini fundi wa kalibu hakuwa mtu wa kuharakishwa.

Kwa ajili ya nani? Siwa ilipigwa kwenye harusi za waungwana, tohara, na kutawazwa kwa watawala. Sherehe bila siwa ilikuwa na upungufu ambao mji mzima ungeusikia. Chombo cha kazi ya mkono kilibeba uhalali wa utawala, na mwenye kukishika alishika zaidi ya shaba na pembe.

Hatua ya 4: Utafute msumari kwenye mtepe

Hutaupata, lakini utafute. Mtepe ni chombo cha baharini kilichoshonwa. Mbao zilitobolewa kandokando, zikaunganishwa kwa kamba za usumba na kushikizwa kwa vigingi vya mti. Tanga lilikuwa mkeka mkubwa wa mraba. Mafundi wa visiwa hivi, wengi wao Wabajuni, walikuwa stadi wake mashuhuri, na mitepe ya mwisho iliundwa katika karne ya 20. Leo tunaijua kwa mifano midogo kama hii iliyohifadhiwa makumbusho.

Mgeni aliyezoea chuma huuliza kama watu hawakuwa na misumari. Walikuwa nayo, milango yao inaonyesha. Chombo kilichoshonwa kina faida yake: kikigusa fungu la mchanga kinanepa na kurudi, mahali ambapo mbao zilizopigiliwa zingeweza kupasuka. Kina gharama yake pia. Maji huingia daima, na mabaharia walikuwa na kazi ya kuyakumba safari nzima, usiku na mchana. Kila ubunifu ni mapatano ya namna hii kati ya faida na gharama. Ukiyaona mapatano hayo kwenye mtepe, utaanza kuyaona kwenye sufuria yako, kwenye daladala, kwenye dawati la shule.

Hatua ya 5: Kaa kwenye Nyumba ya Waswahili hadi macho yazoee kiza

Ingia polepole. Nje kuna daka lenye viti vya mawe, ambapo mwenye nyumba alizungumza na wapitaji bila kuwaingiza ndani. Unapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, penye kona iliyowekwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike uani. Baada ya kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kuna misana miwili, yaani kumbi ndefu, mmoja nyuma ya mwingine, kisha chumba kiitwacho ndani. Kila hatua sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Ukifika ndani umepandishwa daraja na nyumba, bila mtu kusema neno.

Huko ndani ndiko kwenye zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa, vimechongwa maua na mapambo yanayofanana na kamba zilizosukwa. Humo waliweka sahani za kaure kutoka Uchina, vyungu, misahafu. Vingine ni vidogo mno kuwekewa chochote, navyo viliwekwa kwa ajili ya jicho tu. Fundi alichonga chokaa kabla haijakauka kabisa. Aliyechelewa alikuta jiwe. Kwa hiyo ukuta huu mzima unakuonyesha kasi ya mkono ambayo hakuna picha inayoweza kuionyesha.

Usitazame zidaka ukiwa umesimama mlangoni na kamera. Kaa sakafuni, mgongo ukutani, kama walivyokaa wenyewe. Chumba chembamba kinaonekana kirefu zaidi, kwa sababu vishubaka vinalipa jicho mahali pa kwenda. Boriti ilikinyima chumba upana; fundi wa chokaa akakirudishia kina. Mafundi wawili ambao pengine hawakuwahi kukutana walimalizana kazi.

Hatua ya 6: Jifunze kusoma mlango, na ujue sheria yake

Lamu ina milango ya mitindo mingi, na mtu anaweza kushinda mjini akipita kutoka mmoja hadi mwingine. Ili usichoke, anza na mambo matatu. Kwanza tazama kizingiti cha juu, ambako fundi huweka kazi yake bora. Pili tazama mfaa, ule mti wa katikati unaofunika maungio ya mabawa mawili. Tatu, tazama fremu ya pembeni na ufuate mchoro wake kutoka chini hadi juu: mnyororo, waridi, mawimbi, majani yanayozunguka. Mtindo wa Siyu, mji wa kisiwani Pate uliosifika kwa mafundi wa mbao, ngozi na metali na kwa wanakili wa Kurani, hupenda michoro ya kijiometri isiyochimbwa kwa kina, iliyotiwa rangi. Mti unaopendwa tangu zamani ni mbambakofi, ambao mchwa huuogopa.

Ukitaka jina la kulitaja kwa heshima, litaje la Muhamadi Kijuma, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 1945. Alichonga milango, akaandika hati nzuri za Kiarabu, akatunga mashairi, akapiga ala za muziki, na akanakili tenzi kwa ajili ya wasomi wa Ulaya. Miswada ya mkono wake imo leo katika maktaba za London na Ujerumani. Mkono uliochonga kizingiti ndio ulioandika herufi. Ukiangalia mikunjo ya majani kwenye mlango kisha mikunjo ya hati zake, hutashangaa.

Sasa sheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inautaja mlango kwa jina: mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa. Huwezi kuung'oa na kuusafirisha unavyotaka. Sheria hiyo ina sababu, kwa maana milango ya pwani imeng'olewa na kuishia kwenye hoteli na majumba ya mbali, na nyumba zilizoachwa zikabaki na matundu yaliyozibwa kwa mabati. Mtu akikuambia ana mlango wa kale kabisa wa kukuuzia kwa siri, mshukuru, muage, ukaagize mpya kwa fundi aliye hai. Mpya utakuwa wako kwa haki, na utampa mtu kazi.

Hatua ya 7: Toka nje, uanze tena

Hapa wengi hufunga daftari. Usifunge. Sasa ndipo mwongozo unapoanza kazi.

Pita kwenye barabara kuu ya mjini, ile nyembamba inayokwenda sambamba na pwani, usimame kwenye karakana ya seremala. Toa salamu. Mwite fundi, au mzee kama umri wake unaruhusu. Muulize yale maswali manne. Utaona waridi na mnyororo ule ule uliouona makumbusho, ukitoka kwenye patasi saa hii, na vumbi lake likakuangukia miguuni.

Tafuta mshona kofia. Kofia ya Lamu hushonwa kwa mkono juu ya kitambaa cheupe cha tabaka mbili. Mchoro huchorwa kwanza, kisha sindano hutoboa vitundu vidogo mno, na kila kitundu huzungushiwa uzi ili kisifumuke. Duara la juu hushonwa peke yake, ukanda wa kuzunguka peke yake, kisha viwili hivi vikaunganishwa. Vitundu hivyo hupitisha hewa kichwani na vilevile ndivyo vinavyofanya ua. Kofia nzuri huchukua wiki nyingi, mara nyingi miezi, na wanaume hushona barazani huku wakizungumza siasa. Kofia ya mashine iliyoletwa kwa kontena huchukua dakika. Ziweke mbili hizo juu ya meza moja, ugeuze ndani nje, ulinganishe upande wa nyuma. Tofauti utaiona bila kufundishwa.

Panda mashua hadi Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa. Huko mashua na majahazi bado yanaundwa na kukarabatiwa ufukweni, kwa jicho na kamba, na kalafati ya pamba hugongwa kati ya mbao ili maji yasipite. Wanawake husuka mikeka na misala kwa miyaa. Fundi wa chombo hana mchoro wa karatasi. Mchoro uko kichwani mwake, aliupokea kwa kushika msumeno upande mmoja huku baba au ami yake akishika upande wa pili.

Na usidhani mkono huu umefungwa kwenye mambo ya kale. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walizindua Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa maelfu ya ndara zilizotupwa fukweni. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Mbao zilibadilika zikawa plastiki iliyoyeyushwa. Ujuzi wa kupinda ubavu na kuunganisha maungio ulikuwa ule ule. Hakuna kitabu kilichoeleza jinsi ya kufanya hivyo. Ilibidi awepo mtu anayejua jahazi kwa mikono yake.

Hatua ya 8: Kuuliza bei bila kumtukana mtu

Bei ya Lamu hujadiliwa, na kuijadili ni adabu. Lakini kuna hesabu ya kufanya kabla ya kufungua mdomo. Muulize fundi kazi hii imemchukua siku ngapi. Chukua bei unayokusudia kutoa, igawe kwa siku hizo. Kiasi utakachopata ndicho unachopendekeza awe mshahara wake wa siku moja. Kilinganishe na anacholipwa kibarua wa kubeba saruji gatini. Kama umeshuka chini ya hapo, rudisha ulimi, ongeza bei, uanze upya. Ukiwa huna fedha za kutosha, sema wazi kuwa huna. Fundi ataelewa kukosa, kudharauliwa hataelewa.

Usidai pia kiwe tayari kesho. Kazi iliyoharakishwa hutoka na kasoro, na kasoro hiyo itabeba jina la fundi, si jina lako.

Ukikwama

*Naona vitu vyote vinafanana.* Umetazama vingi mno. Rudi kwenye kimoja, ukae nacho hadi ugundue kitu ambacho kibandiko hakikusema.

*Mwongozaji anasema haraka kuliko ninavyoona.* Muombe akuonyeshe kitu anachokipenda yeye mwenyewe. Atapunguza mwendo.

*Kibandiko hakina jina la fundi.* Mara nyingi hakina. Ndiyo sababu nyingine ya kumuuliza fundi aliye hai jina lake, kuliandika, na kulitaja kila mtu anapokisifu ulichonunua.

*Watoto wangu wanachoka.* Wape kazi. Mmoja atafute tundu la siwa, mwingine ahesabu zidaka za safu moja, mdogo kabisa atafute msumari kwenye mtepe. Huyo wa mwisho ndiye atakayerudi nyumbani na hadithi.

*Mimi ni mwenyeji, hivi vitu viko kwetu.* Basi mwongozo huu ni wako kuliko wa mgeni yeyote. Aliyezaliwa chini ya zidaka ndiye anayeweza kuziuza bila kujua anauza nini. Nenda makumbusho uone thamani ya kile kilichoko nyumbani kwa bibi yako kabla dalali hajakueleza kuwa ni takataka.

Hatua ya 9: Walimu, hii ni yenu

Shule nyingi za Kaunti ya Lamu, kutoka Faza hadi Mpeketoni, zinaweza kuwaleta wanafunzi makumbusho kwa safari ya siku moja. Ziara ya kawaida ni foleni ndefu, maelezo, daftari, safari ya kurudi. Igaweni siku hiyo mara mbili. Asubuhi wanafunzi wawe ndani, na kila mmoja achague kitu kimoja akichore kwa penseli, maungio yake yote. Mchana wapelekwe karakana, kwa vikundi vidogo, kwa mpango uliofanywa mapema na fundi aliyelipwa kwa muda wake. Kila mtoto, msichana na mvulana, apewe kipande cha mti chakavu na patasi, au kitambaa na sindano, ajaribu kutengeneza ua moja kati ya yale aliyoyachora.

Wengi watalikosea, na hapo hapo watafahamu kile kiti kilimgharimu nini aliyekitengeneza. Wawili au watatu watalipata, na watauliza kama wanaweza kuja tena Jumamosi. Kazi ya mikono ya Lamu imefika hapa kwa sababu kila kizazi kilikuwa na watoto wa namna hiyo na mtu mzima aliyewajibu ndiyo. Andikeni majina yao, muwakutanishe na fundi, mkazungumze na wazazi wao wiki hiyo hiyo.